Kwanza Kijue Ni Kiini Gani, Ndipo Ukitafutie Kwao: Namna ya Kuchunguza Miale ya Kosmiki yenye Nishati Kubwa Mno kwa Daftari na Kikokotoo

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya walimu wa fizikia, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na mtu mwingine yeyote aliyewahi kusoma hesabu za logi na hajazisahau. Umetokana na vikao vya jioni tunavyovifanya hapa Tanga, kwenye baraza ya nyumba moja isiyo mbali na Raskazone, tukiwa na madaftari, kikokotoo cha kisayansi, mzani wa sokoni, na bahari mbele yetu. Hatuna kipimio chochote cha miale ya kosmiki, yaani chembe zinazotujia kutoka angani, wala kazi hii haikihitaji, kwa kuwa vipimo vimekwisha kuchukuliwa na wataalamu walioko Argentina na Marekani, na kanuni za kuvisoma ni chache kiasi cha kuenea katika ukurasa mmoja.

Jambo moja naomba lishikwe tangu mwanzo, kwa sababu lilitupotezea wiki kadhaa. Mtu akisikia kwamba ziko chembe zinazotujia kutoka nje ya galaksi yetu zikiwa na nishati isiyo na mfano, swali linalomtoka kwanza ni hili: zinatoka wapi? Sisi nasi tulianzia hapo hapo. Tulichora ramani ya mbingu, tukatia nukta penye mwelekeo wa kila chembe mashuhuri, kisha tukaitafutia kila nukta galaksi iliyo jirani nayo. Kazi ile haikutufikisha popote, kwa kuwa mwelekeo wa chembe hausemi kitu mpaka uijue chaji yake, na chaji huwezi kuijua mpaka ujue kwamba chembe hiyo ni kiini cha elementi gani. Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza unauzuia udadisi kwa muda: nishati itangulie, muundo ufuate, halafu uga wa sumaku, na mbingu ziwe za mwisho.

Anza na dafu

Nishati ya chembe hizi hupimwa kwa elektronivolti, na elektronivolti moja ni sawa na jouli 1.6 × 10⁻¹⁹. Miale ya kosmiki tunayoizungumzia ni ile inayozidi elektronivolti 10¹⁸, na hasa ile inayokaribia au kupita 10²⁰. Zidisha 10²⁰ kwa 1.6 × 10⁻¹⁹, utapata jouli 16. Namba hiyo ikibaki karatasini haimgusi mtu, kwa hiyo tafuta dafu. La kwetu lilikuwa na kilo 1.5 kwenye mzani. Zidisha kwa 9.8 upate nyutoni 14.7, kisha gawanya 16 kwa 14.7, upate mita 1.09. Sasa mwanafunzi mmoja alinyanyue dafu hilo hadi juu kidogo ya kiuno na aliachie lianguke mchangani. Kishindo mtakachokisikia nyayoni, na shimo litakalobaki pale lilipotua, ndiyo nishati ya kiini kimoja cha atomu, kitu ambacho hata hadubini kali ya maabara ya shule haiwezi kukionyesha.

Chembe ya kwanza ya kiwango hicho ilinaswa mwaka 1962 na kundi la John Linsley huko Volcano Ranch, New Mexico. Tarehe 15 Oktoba 1991, kipimio cha Fly's Eye katika jangwa la Utah kikanasa nyingine yenye elektronivolti 3.2 × 10²⁰, yaani jouli 51. Dafu letu lingelazimika kuanguka kutoka mita 3.5 ili lilingane nayo. Ili mwanafunzi aone ukubwa wa jambo hili, mwambie afanye uwiano mmoja zaidi: mtambo mkubwa wa kuongeza kasi ya chembe ulioko katika maabara ya CERN huko Ulaya, wenye mzingo wa kilomita 27, ulisanifiwa ili ufikishe protoni kwenye elektronivolti 7 × 10¹². Kwa sumaku zile zile, kufikia 10²⁰ kungehitaji mzingo wa takriban kilomita milioni 386, ambao nusu kipenyo chake kinakaribia umbali wa sayari ya Zebaki kutoka kwenye Jua. Uwiano huu uhifadhiwe daftarini, kwa maana utatufaa tutakapofika kwenye mtambo wa asili unaoifanya kazi hiyo.

Pima unene wa hewa kwa uzito

Victor Hess, aliyepanda na puto mwaka 1912 hadi mita zipatazo 5,300 na kukuta mionzi ikiongezeka kadiri alivyopaa, alitufundisha kwamba hewa ni ngao. Unene wa ngao hiyo haupimwi kwa kilomita, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na ya chini ni nzito. Hupimwa kwa gramu zilizopo juu ya kila sentimita ya mraba. Hapa Tanga, kwenye usawa wa bahari, ni takriban gramu 1,030. Kwa maneno mengine, juu ya kila ukucha wa kidole gumba umekaa uzito wa pakiti ya kilo moja ya mchele, na zaidi kidogo. Ukipanda hadi Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya bahari, unaacha sehemu ya uzito huo chini yako na unabakiwa na gramu zipatazo 875. Mfano wa Lushoto sikuuchagua kwa mapenzi ya nyumbani tu: uwanda wa Malargüe, katika mkoa wa Mendoza nchini Argentina, palipojengwa kituo cha Pierre Auger, uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400 vilevile.

Kituo hicho kimepewa jina la mwanafizikia Mfaransa aliyegundua mwaka 1938 kwamba chembe moja ikigonga hewa ya juu huzaa mvua ya chembe inayotua kwa pamoja katika eneo pana. Kina matangi ya maji zaidi ya 1,600, yaliyotawanywa katika kilomita za mraba zipatazo 3,000, kila tangi likiwa umbali wa kilomita 1.5 kutoka kwa jirani yake. Litazame tangi jeusi la lita 1,000 lililo juu ya paa la jirani yako. Tangi moja la Malargüe hubeba maji safi lita 12,000, yakiwa katika giza kamili, na chembe inayopita ndani yake kwa mwendo unaoupita ule wa nuru majini huacha mwanga hafifu wa samawati unaonaswa na macho matatu ya kielektroniki. Pembeni mwa uwanda ziko darubini 27 zinazotazama hewa yenyewe ikitoa mwanga mwembamba katika usiku usio na mbalamwezi. Upana huo wote unahitajika kwa sababu chembe za 10²⁰ ni adimu mno: katika kilomita moja ya mraba hutua chini ya moja kwa karne.

Mwelekeo wa chembe hupatikana kwa kulinganisha wakati ambao matangi yaliguswa, na hili tulilielewa vyema zaidi pale Sahare kuliko vitabuni. Ngalawa zilikuwa zimefungwa kwa safu, nasi tulimkuta mzee mmoja akishona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu."

Tulipomuuliza anajuaje wimbi linatokea upande gani usiku wa giza, alijibu bila kuinua kichwa kwamba hana haja ya taa, yeye husikiliza kamba ya chombo kipi inalia kwanza na ipi inafuatia. Hesabu ya Malargüe ni hiyo hiyo. Nuru husafiri mita 300 kwa kila sehemu ya milioni ya sekunde, na wimbi la mvua ya chembe linakwenda karibu na mwendo huo. Ikiwa tangi la pili limeguswa sehemu 2.5 za milioni ya sekunde baada ya la kwanza, wimbi limesafiri mita 750 katika muda huo. Gawanya kwa mita 1,500, upate 0.5, ambayo ni saini (sin) ya nyuzi 30. Mwale ulikuja ukiwa umeinama nyuzi 30 kutoka wima, kuelekea upande wa safu ile. Kwa matangi matatu yasiyo katika mstari mmoja unapata mwelekeo kamili.

Tafuta kilele cha mvua

Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo huu, na ningeomba msomaji apatumie jioni nzima badala ya kupapita mbio.

Chukua mfano rahisi. Fotoni, yaani chembe ya nuru, au elektroni yenye nishati kubwa ikiingia hewani, baada ya kila gramu zipatazo 26 hugawanyika kuwa mbili, na nishati inagawanywa nusu kwa nusu. Mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane, mpaka kila moja ibaki na nishati ndogo, takriban elektronivolti 8.5 × 10⁷, ambayo haitoshi tena kuzaa. Hapo mvua imefikia kilele, na baada ya hapo inafifia. Mwanafunzi agawanye 10²⁰ kwa 8.5 × 10⁷, kisha ahesabu ni mara ngapi 2 inazidishwa kwa yenyewe kufikia jibu hilo. Atapata mara 40. Zidisha kwa 26, ni zaidi kidogo ya gramu 1,030, ambazo ndizo hewa yote iliyo juu ya Tanga: kilele cha fotoni ya namna hiyo kingegusa maji ya bahari.

Protoni haingoji mpaka chini kiasi hicho, kwa sababu mgongano wake wa kwanza unatoa chembe nyingi kwa mpigo, na sehemu ya nishati inaanza kugawanyika mapema. Lakini kanuni inabaki ile ile: kina cha kilele kinakua kwa logi ya nishati. Kwa protoni, nishati ikiongezeka mara 10, kilele kinashuka kwa takriban gramu 58. Protoni ya 10¹⁹ ina kilele chake kwenye takriban gramu 800, ambacho kwa mwale wa wima ni kimo cha karibu kilomita 2 juu ya bahari, sawa na vilele virefu vya Usambara.

Sasa badilisha protoni kwa kiini cha chuma, chenye protoni na nyutroni 56 kwa jumla. Kikigonga hewa, kinafanya kama chembe 56 zilizokuja pamoja, kila moja ikiwa na sehemu moja ya 56 ya nishati. Kwa kuwa kila mvua ndogo ina nishati ndogo, kilele chake kiko juu zaidi. Tofauti inatokana na logi ya 56, ambayo ni 1.75; zidisha kwa 58 upate gramu 101. Kwa hiyo chuma cha 10¹⁹ kinafikia kilele kwenye takriban gramu 700, kilomita nzima juu ya kilele cha protoni. Fanya hivyo kwa heliamu yenye chembe 4, tofauti ni gramu 35. Kwa naitrojeni yenye 14, ni gramu 66. Andika safu hizi nne daftarini, maana ndizo rula yetu.

Yapo mambo mawili ya kupima kwa rula hiyo. La kwanza ni mteremko wa wastani. Katika vipimo vya Pierre Auger, kutoka chini hadi nishati ya takriban 2 × 10¹⁸, kilele cha wastani kinashuka kwa gramu zipatazo 80 kila nishati inapoongezeka mara 10. Baada ya hapo kinashuka kwa gramu zipatazo 26 tu. Kama miale yote ingekuwa ya aina moja, mteremko ungekuwa 58 mwanzo hadi mwisho. Mteremko wa 80 maana yake viini vinazidi kuwa vyepesi kadiri nishati inavyopanda, na mteremko wa 26 maana yake vinazidi kuwa vizito. Kiasi gani? Toa 26 katika 58, upate 32. Gawanya kwa 58, upate 0.55; na 10 kwa kipeo cha 0.55 ni karibu 3.6. Kila nishati inapokua mara 10, uzito wa wastani wa kiini unazidi mara 3.6. Ukianza na heliamu, 4 mara 3.6 inakupeleka 14, na 14 ni naitrojeni. Nakumbuka kijana mmoja wa kidato cha tano alipofika kwenye jibu hilo alilirudia mara tatu, akidhani kakosea, kwa kuwa hakutegemea namba mbili za mteremko zimtoe kwenye elementi moja na kumfikisha kwenye nyingine. Hakuwa amekosea. Uchambuzi mpana wa wataalamu wa kituo hicho nao unaelekea huko huko: miale inaanza kuwa myepesi, kisha inafuata ya kundi la heliamu, kisha ya kundi la kaboni, naitrojeni na oksijeni.

Jambo la pili la kupima ni mtawanyiko. Protoni moja inaweza kugonga hewa mapema au kuchelewa, kwa hiyo vilele vyake vimetawanyika kwa takriban gramu 60. Chuma ni wastani wa chembe 56, na wastani hutulia. Tupa dadu moja mara 20 uandike kila jibu, kisha tupa dadu 56 kwa pamoja uandike wastani, uone namna safu ya pili isivyochezacheza. Hata hivyo, mwalimu asiwaache wanafunzi na dhana kwamba mtawanyiko wa chuma ni wa protoni uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha 56; ungekuwa gramu 8, ilhali mifano ya kompyuta inatoa karibu 20. Sababu ni kwamba kiini hakivunjiki chote kwa mara moja, bali hutoka mapande mapande, na baadhi ya mapande husafiri pamoja kwa kitambo. Data za Malargüe zinaonyesha mtawanyiko ukipungua kutoka karibu gramu 60 hadi takriban nusu yake nishati inapopanda. Mteremko umesema jambo lile lile, na mashahidi wawili wasiotegemeana wakikubaliana unaweza kuendelea kwa moyo mkunjufu.

Tahadhari moja tu hapa. Rula yetu imechongwa kwa mifano ya migongano ambayo nishati yake inapita mbali kile kinachoweza kupimwa maabara, na tunajua kwamba mifano hiyo ina pengo mahali fulani, kwa sababu muoni, chembe zinazofanana na elektroni lakini nzito zaidi, zinazofika ardhini ni nyingi kuliko inavyotabiri. Kwa hiyo sema "kundi la naitrojeni" wala usiseme "naitrojeni". Maboresho yanayoitwa AugerPrime, yaliyoongeza juu ya matangi yale vipimio vya plastiki vinavyomeremeta na antena za redio, yamelenga hasa kutenganisha muoni na elektroni ili kiini kikadiriwe hata kwa mvua moja moja.

Pinda njia kwa uga wa sumaku

Ukishakuwa na kadirio la elementi, unayo chaji, ambayo tutaiita Z: protoni 1, heliamu 2, naitrojeni 7, chuma 26. Nusu kipenyo cha duara ambalo chembe italizunguka ndani ya uga wa sumaku, kwa miaka ya nuru, ni 3,500 zidisha nishati katika vipimo vya 10¹⁸, kisha gawanya kwa Z na kwa nguvu ya uga katika sehemu za milioni ya gausi. Uga wa galaksi yetu ni wa takriban sehemu 3 za namna hiyo. Kwa protoni ya 10²⁰ utapata miaka ya nuru 117,000, karibu upana wa Njia Nyeupe nzima, yaani galaksi yetu. Kwa chuma cha nishati hiyo hiyo utapata 4,500.

Chukulia kwamba njia ya mwale ndani ya uga huo ni miaka ya nuru 3,000. Gawanya 3,000 kwa kila nusu kipenyo na ugeuze jibu kuwa nyuzi: protoni imepinda nyuzi 1.5, naitrojeni 10, chuma 38. Nyosha mkono mbele yako na utanue vidole: kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho ni takriban nyuzi 20. Protoni inakuelekeza kwenye galaksi iliyo nyuma ya kidole kimoja, ilhali chuma kinaweza kuwa kimetoka popote ndani ya shibiri mbili. Uga halisi umejisokota na una mikunjo mingi, kwa hiyo hesabu hii ni ya kadirio, lakini ilitutosha kuelewa kwa nini ramani yetu ya mwanzo ilikuwa kazi bure.

Mfano ulio hai ni chembe ya Amaterasu, iliyonaswa tarehe 27 Mei 2021 na kituo cha Telescope Array huko Utah, chenye vipimio 507 juu ya kilomita za mraba zipatazo 700. Nishati yake ilikadiriwa kuwa 2.4 × 10²⁰. Mstari wa moja kwa moja kutoka kwenye mwelekeo wake unaishia kwenye utupu mkubwa ulio jirani na kundi letu la galaksi, mahali pasipo na chochote cha kushukiwa. Ikiwa ni protoni, hilo ni fumbo zito. Ikiwa ni chuma, mstari wa moja kwa moja hauna haki ya kuchorwa.

Uliza ni mtambo gani unaoweza

Michael Hillas aliandika mwaka 1984 sharti ambalo mtoto wa shule anaweza kulitumia: chembe haiwezi kuendelea kuongezewa kasi mahali ambapo duara lake limekuwa kubwa kuliko mahali penyewe, kwa sababu itatoroka. Igeuze kanuni ya hapo juu, na nishati ya juu kabisa katika vipimo vya 10¹⁸ inakuwa Z, mara kasi ya wimbi la mshtuko linaloisukuma chembe, kama sehemu ya kasi ya nuru, mara uga, mara ukubwa wa mahali kwa miaka ya nuru, ugawanye kwa 3,500.

Jaribu mabaki ya supanova, yaani nyota iliyolipuka: ukubwa miaka ya nuru 10, uga 100, kasi 0.02. Protoni inafika karibu 6 × 10¹⁵ na chuma 1.5 × 10¹⁷. Mabaki haya ni mtambo mzuri kwa miale ya kawaida, lakini kwa ile tunayoitafuta hayafai. Jaribu mawingu makubwa ya plazma (gesi yenye chaji) yanayopulizwa na galaksi za redio, zile zinazotoa mawimbi makali ya redio: ukubwa miaka ya nuru 300,000, uga 1, kasi 0.1. Protoni inaishia karibu 9 × 10¹⁸ na kukwama hapo. Chuma, mahali pale pale, kinafika 2.2 × 10²⁰.

Tulipoiandika mistari hii miwili ubaoni palikuwa na kimya. Maana yake ni kwamba mtambo uleule unaweza kushindwa au kufaulu kwa kutegemea kilichotiwa ndani yake. Inaeleza pia ule mteremko wa gramu 26. Ikiwa mitambo ya asili inaishiwa nguvu kwenye 5 × 10¹⁸ kwa protoni, basi heliamu itaishia 10¹⁹, naitrojeni 3.5 × 10¹⁹, na chuma 1.3 × 10²⁰. Kila nishati inapopanda, chepesi kinatoka mchezoni na kizito kinabaki. Binafsi naona hii ndiyo maelezo yenye kushawishi zaidi tuliyonayo leo, ingawa hayajafunga mlango kwa mengine.

Weka mpaka wa umbali

Anga zote zimejaa mabaki ya mwanga wa kale, wenye halijoto ya kelvini 2.7, zaidi ya fotoni 400 kwa kila sentimita ya ujazo. Mwaka mmoja baada ya mwanga huo kugunduliwa mwaka 1965, Kenneth Greisen nchini Marekani, na Georgiy Zatsepin pamoja na Vadim Kuzmin huko Urusi ya Kisovieti, walionyesha kwamba protoni inayozidi takriban 5 × 10¹⁹ inagongana nao na kupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nishati kila mara. Zidisha 3 × 10²⁰ kwa 0.8 mara 8, uone inavyoporomoka hadi karibu kabisa na mpaka huo. Viini vizito navyo huchubuliwa na mwanga, na vile vyepesi kama heliamu huvunjika upesi zaidi. Kwa hiyo chochote kinachotufikia na 10²⁰ kimetoka ndani ya takriban miaka ya nuru milioni 300, umbali ambao kwa kipimo cha ulimwengu ni mtaa wetu.

Sasa toka nje utazame

Wiki ya mwisho ya Februari, saa tatu usiku, simama ufukweni na utafute Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, ikiwa karibu na utosi. Shuka kutoka hapo upande wa kusini kwa nyuzi 7 hivi. Hapo, kwa miale inayozidi 8 × 10¹⁸, ndipo ulipo upande wa mbingu unaoleta mingi zaidi kidogo. Tangazo hilo lilitolewa mwaka 2017 kutokana na miale zaidi ya 30,000, na ziada yake ni asilimia 6.5 juu ya wastani, ikiwa na upungufu kama huo upande wa pili. Kisha jiulize kitovu cha Njia Nyeupe kiko wapi saa hiyo. Kiko chini ya upeo, nyuzi zipatazo 125 kutoka ulipoelekeza kidole. Miale hii ingezaliwa ndani ya galaksi yetu, tungetegemea iwe mingi zaidi upande ule, na huu ndio ushahidi mkubwa tulionao juu ya asili yake: imetoka nje.

Mwanzoni mwa Juni, saa ile ile, kama mawingu ya kusi yataruhusu, tazama kusini kwa kimo cha nyuzi 50 hivi. Darubini ndogo ya mkononi itakuonyesha doa la ukungu liitwalo Omega Centauri, na nyuzi 4.5 kaskazini mwake ipo galaksi ya Centaurus A, umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 12, yenye mawingu ya plazma ya aina ile tuliyoihesabu. Eneo hilo lina ziada ya miale yenye nishati ya juu. Mwaka 2018 kituo cha Pierre Auger kilionyesha pia ulinganifu na galaksi zinazozaa nyota kwa kasi, kama NGC 253 ambayo hapa kwetu hupita juu sana, na M82 ambayo haipandi zaidi ya nyuzi 15 kaskazini. Ulinganifu huo bado haujafikia kiwango cha uthibitisho, kwa hiyo mwanafunzi auandike kama dokezo.

Usiku tulipofanya zoezi hili, kila mmoja alichora jedwali lenye safu za nishati, mwelekeo, Z, pembe ya kupinda na washukiwa waliobaki ndani ya pembe hiyo. Nishati na mwelekeo tuliviandika kwa kalamu ya wino. Safu ya Z, na zote mbili zilizo kulia kwake, tuliziandika kwa penseli.